Unapigia Kura Wapi?

Haya, kijana, nisikilize kama unavyosikiliza redio ya jirani kupitia ukutani: huna haja ya kunijibu, lakini usigonge ukuta nizime. Nataka kukusimulia kazi niliyoifanya mpaka koo likagoma. Nimestaafu, natembea polepole, daktari ananishauri nisipandishe presha. Lakini nikianza kuongea habari za kampeni za wadi, moyo unaniruka kama wa mtoto aliyeona mpira ukiletwa uwanjani. Nivumilie.

Mimi nilikuwa mtu wa spika. Uchaguzi ukikaribia, wagombea walinitafuta mtaani kwetu Shauri Moyo, hapa Nairobi, kama fundi anayetafutwa bomba likipasuka. Nilisimama nyuma ya pikapu, kipaza sauti mkononi, spika mbili kubwa zimefungwa kwa kamba juu ya kichwa cha gari, na nikifungua mdomo soko lote la Gikomba linageuza shingo. Nilijua neno gani linamfanya muuza viatu amwache mteja akiwa na kiatu mguu mmoja. Nilijua pia kwamba karibu na wagonga mabati hushindani nao kwa kelele. Unasubiri fundi anyanyue nyundo kugeuza bati, na sentensi yako inapita katika upenyo ule. Kuna watu walikaa na kipaza sauti miaka mingi wasijue hilo, wakaharibu sauti bure.

Wajukuu wangu wananiambia, "Buda, hiyo kazi ilikufa. Siku hizi kampeni ni simu." Ni kweli, na simu naipenda. Lakini hesabu yenyewe ya kura haijabadilika tangu nipande pikapu ya kwanza, na asiyeielewa atapiga kelele kwenye simu kama nilivyopiga mimi kwenye spika, na atashindwa vilevile.

Hesabu ni hii. Wadi ina kiti kimoja. Wawe wagombea watatu au kumi na watatu, anayewatangulia wenzake ndiye anayekalia kiti hicho. Fikiria watu kumi wameketi hotelini na sufuria ni moja tu. Wanne wanataka maharagwe, watatu ndengu, watatu matumbo. Mwenye hoteli anapika maharagwe, na wote kumi wanakula maharagwe. Wale sita wasioyataka watasema nini? Watasema tungekubaliana mapema! Naam. Sasa umeanza kuelewa uchaguzi wa wadi.

Rais ni habari nyingine. Yeye lazima apite nusu ya kura zote, tena apate angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Ndiyo maana unamwona mgombea urais akivaa kofia ya watu ambao hajawahi kunywa nao chai. Sheria ndiyo inayomsukuma aende kwao. Mgombea wa wadi hasukumwi hivyo. Anaweza kuwasahau watu wa mtaa mzima na bado ashinde, mradi aliobaki nao wawazidi wa mwenzake kwa kura moja. Kila aina ya uchaguzi ina tabia yake, na kampeni huifuata tabia hiyo.

Mimi haya yote sikuyajua. Nilifundishwa na mama mmoja muuza chapati, na somo lenyewe lilinitoa jasho.

Alikuwepo Bi Zeinab, muuza leso na mashuka Gikomba, mzaliwa wa Shauri Moyo kama mama yake. Hakuwa mtu wa siasa. Zahanati ya mtaa wetu ilikuwa ikifungwa Ijumaa jioni na kufunguliwa Jumatatu, na Jumamosi moja mdogo wake akashikwa na uchungu. Wakafika langoni. Mlinzi yupo, funguo za lango anazo, lakini muuguzi hakuna. Mtoto alizaliwa juu ya mkokoteni wa kubebea marobota, kati ya lango na barabara, wanawake wameshika leso kuzunguka pande zote. Mama na mtoto walipona, tunamshukuru Mungu. Lakini Bi Zeinab alirudi kibandani kwake akaniita, akasema, "Wewe unawajua wagombea wote. Mimi sasa ni mmoja wao. Sitaki lami, sitaki taa. Nataka lango lile liwe wazi Jumamosi na Jumapili."

Hilo ndilo tulilokuwa tukilipigania. Lango moja, siku mbili.

Basi nikafunga spika zangu. Aisee, kampeni ile! Tulipopita sokoni, wauza mitumba walirusha nguo hewani. Wabeba mizigo waliweka mizigo chini wakacheza. Mheshimiwa aliyekuwa kwenye kiti alipita siku ya pili yake na watu wachache tu, tena wengine walikuwa wakisubiri gari lake lipite wavuke. Nikawaambia wenzangu, huyu tumemaliza.

Mama Apiyo hakusema tumemaliza. Huyu ndiye muuza chapati ninayekwambia. Alikuwa na meza yake karibu na ukumbi wa mtaa, na alikuwa ameshazunguka na wagombea wengi kabla yetu, wa kushinda na wa kushindwa. Alikuja na daftari la shule lenye jalada la buluu, akanivuta shati nikiwa bado juu ya pikapu.

"Mtu wa spika, hawa watu wako ni wengi."

"Umeona mwenyewe, Mama!"

"Nimeona. Wanalala wapi?"

Nikacheka. Akanishusha garini, akaenda kwa muuza viatu aliyekuwa amepiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu.

"Kijana, unampenda Bi Zeinab?"

"Sana! Huyo ni mathe wetu!"

"Unapigia kura wapi?"

"Ziwani. Si ndio nakaa huko."

Akamgeukia wa pili. Mbotela, nje ya wadi yetu. Wa tatu, mwanamke wa mboga, akasema, "Mimi ni ushago, Siaya. Kadi ya kura nitaiachaje isiwe ya nyumbani?" Wa nne, mvulana mrefu, akainua mikono. "Mimi hata kitambulisho sijachukua, mathe. Lakini kelele unaweza kunitegemea."

Watu wakacheka, mimi nikacheka nao. Mama Apiyo hakucheka. Aliandika mistari minne kwenye daftari lake, akapangusa unga mikononi, akarudi kwa chapati zake. Nami nikapanda pikapu. Ndiyo, nilipanda! Mtu akishangiliwa hasikii vizuri.

Siku ya kura ikapita. Asubuhi iliyofuata fomu za matokeo zilikuwa zimebandikwa kwenye milango ya vituo, tukazunguka tukinakili na kujumlisha. Mheshimiwa wa kwanza. Bi Zeinab wa pili, nyuma yake kwa kura saba. Wa tatu alikuwa Onesmo, mchomeleaji wa vyuma wa mtaa wetu huohuo, mtu mzuri tu, naye alikuwa amezungumza juu ya zahanati ileile.

Tulikutana kibandani kwa Bi Zeinab, watu kumi na wanne wa timu, tumekalia marobota ya leso. Hasira zilikuwepo.

"Ni Onesmo," mmoja akasema. "Kura zake na zetu ni za watu wale wale. Ametukata katikati."

"Wengi wa wadi hii walitaka lango lifunguliwe," mwingine akasema, "na ameshinda asiyelitaka. Hiyo ni haki gani?"

Alikuwa sahihi, na kumbuka ile sufuria ya hotelini. Lakini Mama Apiyo alifungua daftari lake la buluu.

"Onesmo tutamfikia. Kwanza niambieni nyinyi. Jana mlipigia wapi?" Akaanza na dereva wa pikapu. Dereva akaangalia viatu vyake. Kaloleni. Aliyefuata, Kitui. Aliyefuata, hajawahi kujiandikisha. Akaendelea hivyo, mmoja mmoja, akiandika bila haraka, mpaka akafika kwangu.

"Na wewe, mtu wa spika?"

Kijana, nimesimama mbele ya maelfu ya watu bila kujificha. Siku hiyo nilitafuta robota la kujificha nyuma yake.

"Butere," nikasema. "Nilijiandikisha nyumbani nilipopata kitambulisho. Sikuwahi kuhamisha."

"Na huwa unaenda Butere kupiga?"

"Siku hiyo huwa nina kazi nyingi huku, Mama."

"Kwa hivyo tangu nikujue hujawahi kupiga kura."

Akajumlisha. Kati yetu kumi na wanne, tisa hatukuwa na kura katika wadi ile. Tisa! Na tulikuwa tumeshindwa kwa saba. Kila mmoja wetu alikuwa na nyumba Shauri Moyo, watoto wetu walipelekwa zahanati ile, na miezi yote ile tulikuwa tukiwasihi watu wengine wafanye kitu ambacho sisi wenyewe tusingeweza kukifanya.

Bi Zeinab hakutukana mtu. Alikuwa akikunja leso moja, akaikunja tena mpaka ikawa ndogo kama kitabu. "Basi lango limefungwa na sisi tuliomo humu ndani," akasema. Halafu akaagiza chai.

Ninachokisimulia sasa ndicho kinachonipa raha zaidi, kwa sababu kuanzia siku hiyo tulifanya kazi kwa akili. Tulikuwa na miaka ya kujipanga kabla ya uchaguzi mwingine. La kwanza, sisi tisa tukaenda ofisi ya tume ya uchaguzi kuhamisha kura zetu. Kaka yangu alisikia, sijui nani alimpelekea habari, akanipigia simu kutoka Butere kwa ukali.

"Nasikia umehama nyumbani?"

"Nimehamisha kura, kaka."

"Tofauti ni gani? Kesho utasema hata kaburi lako liwe huko Nairobi!"

"Kaburi langu liko hapo nyuma ya nyumba ya mama, wala usilime. Lakini bomba linalonikatia maji ni la huku, na zahanati inayonifungia mlango ni ya huku. Diwani wa Butere atanisaidiaje?"

Akauliza kama nitakuja Desemba. Nikasema nitakuja. Basi, tukaelewana. Hofu hiyo wengi wenu mnayo, najua. Mnaona kadi ya kura ni kama kitovu chenu, mmekizika nyumbani. Sivyo. Hujamkana mtu. Unachagua atakayekuwakilisha mahali unapolala na kuamka.

Kisha Mama Apiyo akanifundisha milango. Alinikataza kuuliza "Utampigia nani?" kwa sababu mtu atakujibu unachotaka kusikia, akupe na chai juu yake. Uliza anapigia wapi. Hapo hana sababu ya kukudanganya. Usiende saa ya kupika. Kwa majirani zetu Waislamu, usigonge wakati adhana inasomwa, na ukimkuta bibi mzee barazani, msalimie yeye kwanza hata kama mwenye nyumba amesimama mlangoni. Kwa watu wetu wa magharibi, ukikataa uji umeshindwa kabla hujakaa. Na ukitoka, andika palepale nje ya mlango. Ukisema utaandika nyumbani, mlango wa tano utaufuta wa kwanza kichwani. Katika daftari tulikuwa na alama ya anayepiga hapa, alama ya anayetaka kuhamia, na alama ya asiyejiandikisha. Kila alama ilikuwa na safari yake ya kufanywa. Pikapu ilipumzika. Nakwambia, nilijua mitaa ile kwa mara ya kwanza, mimi niliyeitangazia miaka yote ile!

Onesmo tulimfuata karakana kwake. Alikuwa amevaa miwani yake myeusi, anachomelea geti, na hakuzima mashine mpaka alipomaliza mshono. Mama Apiyo alinizuia nisimwite. Akasubiri.

"Mmekuja kuniambia niliwaharibia," Onesmo akasema akivua miwani.

"Tumekuja kukuambia ulipata kura nyingi," Bi Zeinab akajibu.

"Na mnataka nizitoe. Mama, mimi ni mtu wa vyuma, wewe ni mtu wa leso. Leso inabeba chuma?"

"Ilikubeba wewe mgongoni mwa mama yako, Onesmo, na sasa tazama ulivyo mzito."

Vijana wa karakana walipiga kelele, mmoja akagonga bomba kwa nyundo. Onesmo mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Ndipo wakaongea vizuri. Alitaka mtaro wa maji machafu unaopita mbele ya karakana ufukuliwe, na Bi Zeinab akakubali kuubeba pamoja na lango. "Ukiniangusha," Onesmo akasema, "nasimama tena, na safari hii nitakuja na spika zangu." Akanitazama mimi. Nikamwambia asithubutu.

Hapo ndipo chama cha mheshimiwa kikaamka. Alikuja mtu mmoja wa chama, viatu vyake vinang'aa kiasi kwamba alikuwa akikwepa vumbi la soko kama paka. Akamwambia Bi Zeinab, "Mama, kwa nini ujichoshe? Mwachie mheshimiwa wadi. Sisi tutakuweka kwenye orodha, uingie bunge la kaunti kwa viti vya uteuzi."

Nikueleze hapo, maana wengi hawaelewi. Kabla ya uchaguzi kila chama hupeleka orodha ya majina yenye mpangilio, na baada ya kura, viti hivyo hugawiwa vyama kulingana na viti vya wadi ambavyo kila chama kimeshinda. Majina ya juu kwenye orodha huingia kwanza. Viti hivyo vina maana kubwa, usividharau. Vimewaingiza wanawake wengi na watu wenye ulemavu ambao wadi ziliwakataa. Lakini mwenye kutaka orodha anafanya kampeni kwa wanaoipanga orodha. Hagongi mlango wako.

Mama Apiyo, aliyekuwa amekaa pembeni akimenya vitunguu vyake, aliuliza swali moja. "Namba ngapi?"

"Namba gani, mama?"

"Kwenye orodha. Jina lake litakuwa la ngapi?"

"Hayo tutaangalia baadaye."

"Basi hata sisi tutaangalia baadaye," Bi Zeinab akasema. "Lango liko Shauri Moyo. Nikiingia kwa orodha nitakuwa na deni kwa aliyeiandika. Nikiingia kwa milango hii, wenye milango ndio watakaonidai." Akamkaribisha yule mtu wa chama anunue leso. Hakununua.

Aligombea kwa chama kidogo ambacho hata wimbo hakikuwa nacho.

Siku ya kura niliamka mapema kuliko wote. Nilikuwa mtu mzima, nina wajukuu, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kupiga kura! Nilipanga foleni katika uwanja wa shule ambayo niliwahi kuitangazia mikutano kumi, nikaona jina langu kwenye sajili, nikachovya kidole kwenye wino. Nilipotoka nilimwonyesha kidole kila niliyekutana naye, mpaka mlinzi akaniambia, "Mzee, tumekiona." Kwa siku kadhaa niliosha vyombo kwa mkono mmoja, wino usije ukafutika.

Bi Zeinab alishinda. Hatukufika nusu ya kura, hata karibu hatukufika, lakini tulitangulia. Nikakimbilia pikapu, spika nimeziwasha, niende nikatangaze Gikomba nzima. Mama Apiyo akasimama mbele ya gari.

"Zima hiyo. Waliomkataa ni wengi kuliko waliomchagua. Kesho tunaanza na milango yao."

Na tukaanza nayo! Bi Zeinab aligonga milango ya watu waliompiga chini, akiwauliza wanataka nini. Wengine walimfungia. Mmoja alimwambia, "Umeshinda, unatafuta nini tena?" Akajibu, "Nimeshinda kiti. Nakikalia kwa niaba yako pia." Jambo hilo sheria haimlazimishi mtu kulifanya. Hesabu ya wadi inamruhusu mshindi kukusahau, kwa hivyo kumbuka kumpima kwa hilo.

Zahanati haikufunguka mara moja. Kulikuwa na bajeti ya kaunti, kamati, barua, safari zisizo na mwisho. Onesmo alikuja mara mbili kumkumbusha juu ya mtaro, mara ya pili akiwa na koleo. Mtaro ukafukuliwa. Na Jumamosi moja asubuhi, lango likafunguliwa. Hakukuwa na utepe wala hotuba. Mlinzi yuleyule alitoa funguo zilezile, na ndani alikuwepo muuguzi, ameshika kalamu, anauliza nani wa kwanza.

Sasa mimi hupimwa presha hapo kila Jumamosi. Wiki iliyopita nilikaa kwenye benchi na vijana wawili, wanalalamika foleni ni ndefu, muuguzi ni mmoja, na wanasiasa wote ni wale wale. Nikawasikiliza mpaka wakamaliza. Kisha nikawauliza swali la Mama Apiyo.

Mmoja akasema, "Mimi? Ushago, buda."

Mwingine akasema hajajiandikisha.

Muuguzi akaniita kabla sijawajibu, kwa hivyo nakujibu wewe. Kesho asubuhi chukua kitambulisho chako, nenda ofisi ya tume ya uchaguzi katika eneo bunge lako, uliza jina lako liko kituo gani. Ukikuta liko mahali usipolala, omba fomu ya kuhamisha, ijaze palepale kwenye kaunta, na usitoke kabla hujairudisha.